Kutoka Soko la Kenya Mpaka Ruashi: Siku Moja na Mama Anayefuata Watoto

Juma hili hatukupanda gari ya Likasi wala ya Kasumbalesa. Tulibaki hapa hapa Lubumbashi. Sisi watatu wa kikundi chetu tulitembea siku nzima na mama mmoja asistanti sosiali, ambaye kazi yake ni kufuata dosie za watoto waliotengwa na jamaa zao. Tulimwahidi kwamba hatutataja jina lake, wala la mtoto, wala la avenie yoyote.

Tulikutana naye sokoni Kenya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni mwezi wa saba, na ninyi mnajua baridi ya mwezi huo. Wauza makala walikuwa wanashusha magunia, na moshi wa mbabula ulikuwa chini chini. Nyuma ya meza zilizokuwa bado tupu, watoto wanne walilala wamebanana, wamejifunika mifuko. Tulidhani atawaamsha. Hakuwaamsha. Alikwenda kwanza kwa mama anayekaanga vitumbua, akamsalimia, akaketi karibu naye na kuuliza, "Yaya, kuna mgeni juma hili?"

Mama wa vitumbua alimwonyesha kwa kidevu. Mdogo yule, mwenye shati la bluu, amefika siku ya tatu.

"Wenye kuuza hapa ndio macho yangu," asistanti alituambia. "Mimi napita mara mbili kwa juma. Wao wako hapa kila siku." Mtoto alipoamka, alimnunulia kitumbua na kumwuliza jina lake. Akalitaja. Baadaye kidogo akataja jina lingine. Asistanti aliandika yote mawili, hakumgombeza. Alituambia kwamba jina la kweli hutoka siku mtoto akiona huyu mtu mzima amerudi tena kama alivyoahidi.

Tunawaita mashege, kama vile walizaliwa barabarani. Lakini kila mmoja ametoka katika lupango fulani, na sababu zake tunazijua sisi wenyewe. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walianza kuachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zilizokuwa na mshahara, shule na hospitali ya kampuni zilibaki na mama anayeuza makala au mboga. Wababa wengine wamekwenda kuchimba huko Kolwezi na hawakurudi. Mama akifa, baba anaoa tena, na mtoto wa marehemu anaonekana anakula sana. Kisha mtoto mwingine katika lupango anaugua, na mtu mmoja anatamka neno "mulozi". Wengine hupelekwa kufungishwa chakula na kuombewa mpaka waungame. Mtoto anaungama ili apewe bukari, na siku hiyo hiyo amepoteza nyumba.

Saa tatu tulipanda basi kuelekea mjini. Tulipita Kamalondo, tukaona kwa mbali dohani kubwa ya Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, tukashuka karibu na Poste. Alikuwa na mtoto wa kuuliza habari zake Bakanja-Ville. Nyumba hiyo ni ya Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika katika mji huu mwaka 1911, na inapokea wavulana wa barabarani. Ina jina la Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana Mkongo aliyepigwa mpaka akafa mwaka 1909 kwa ajili ya imani yake, na Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwenye Heri mwaka 1994.

Tulimwuliza kwa nini watoto wote wasikae tu katika nyumba za namna hiyo. Alijibu kwamba nyumba kama hizo zinaokoa watoto, lakini ni kama gare: mtu hupumzika pale akingojea safari. Mtoto anahitaji mtu wa kumwuliza jioni, "Umekula? Kiatu chako kiko wapi?"

Ndivyo inavyosema hata sheria. Katika mfuko wake ana fotokopi iliyokunjwa mpaka imechakaa, ya sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Mtoto aliyetupwa, yatima asiye na msaada, na yule anayeshtakiwa uchawi, wote wana haki ya ulinzi wa pekee. Mtoto anaweza kuwekwa kwa ndugu wa ukoo, au katika jamaa ya mapokezi, au katika kituo kilichokubaliwa. Si jambo la kuchukuana tu barabarani: lazima lifike kwa jaji wa watoto. Na kifungu cha 160 kinasema kwamba anayemshtaki mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3, pamoja na kulipa faini. Katiba yetu nayo, katika kifungu cha 41, inakataza mashtaka hayo. Ni wangapi kati yetu tulikuwa tunajua?

Mchana tulikwenda Katuba, kwa kambo wa mvulana mmoja. Ilikuwa mara yake ya tatu kufika pale. Mara ya kwanza, alituambia, kambo hakumfungulia mlango. Mara ya pili alimsikiliza akiwa amesimama. Safari hii alitupa viti. Hatukuzungumza habari za mtoto kwa nusu saa nzima: tulizungumza juu ya bei ya unga na maumivu ya magoti. Kisha kambo mwenyewe akauliza, "Na yule mtoto, amekua?" Asistanti alimwonyesha foto. Kambo aliishika muda mrefu. Hakusema ndiyo, lakini aliomba kubaki nayo. Katika dosie iliandikwa: "Kambo amebaki na foto. Kurudi baada ya juma mbili."

Ndugu wakishindwa kabisa, hapo ndipo hutafutwa jamaa ya mapokezi. Yeye huangalia vitu ambavyo sisi tusingefikiri. Mtoto atalala wapi, na nani? Je, mume amekubali kwa kinywa chake, au mke amesema kwa niaba yake? Watoto wa nyumba wanajua? Nani atachota maji? Maana kuna nyumba zinazoomba mtoto wakati zinatafuta boyi. Kama watoto wa nyumba wanakwenda shule na yeye anazungushwa na beseni la karanga, asistanti anamwondoa.

Jioni tulifika Ruashi. Msichana wa miaka kama kumi anaishi pale kwa mama mmoja mjane tangu miezi mitano. Tulimkuta anachambua lengalenga, hakuinua macho. Mama alitukaribisha ndani, akafunga mlango, akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto hanisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni midomo."

Siku nne nyuma, kichanga cha jirani kilipata homa kali. Mtu wa avenie alikumbuka kwamba msichana alikibeba siku ya Jumapili. Maneno yakaanza kwenye bomba la maji, na mjane akaanza kujiuliza kama amrudishe mtoto.

Asistanti hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akampa pole, akauliza kama kichanga kimepelekwa hospitali. Kilipelekwa. Wamepima? Wamepima, ni malaria, kinakunywa dawa na sasa kinanyonya. "Aksanti Mungu," alisema. "Basi mama, nisaidie. Kesho kwenye bomba, waambie ni malaria. Wewe wakikusikia, wataamini." Jirani alinyamaza, kisha akasema atawaambia. Kutoka hapo tulipita kwa shefu wa avenie, ambaye alisomewa kifungu cha 160 polepole, mara mbili.

Wakati wa kurudi hatukusema mengi. Kila mmoja wetu alikuwa anakumbuka jambo moja. Miaka michache nyuma, tulikuwa tunafanya likelemba katika lupango la mwenzetu. Katika nyumba ya pembeni, mvulana alifukuzwa na mfuko wake mchana kweupe, na tulisikia neno alilotupiwa. Tulitazama. Kisha tukamaliza kuhesabu feza, tukarudi nyumbani kupika. Tulimweleza asistanti, tukamwuliza kama labda alimpata. Aliuliza jina. Hakuna aliyelijua. "Kama hakuna jina, hakuna dosie," alisema. "Na kama hakuna dosie, mama, hakuna anayemtafuta."

Kwa hiyo tunaleta mambo manne katika mkutano ujao. Ya kwanza, kila mmoja wetu akiona mtoto anatengwa katika lupango, aulize jina lake na la wazazi wake, na apeleke habari kwa asistanti sosiali wa komini siku hiyo hiyo. Ya pili, neno "mulozi" juu ya mtoto lisipite mbele yetu bila mtu kuuliza, "Amepimwa hospitali?" Ya tatu, wenye kutaka kupokea mtoto wazungumze kwanza na watu wote wa nyumba, kisha wapite kwa asistanti na jaji. Ya nne, wamama wa kikundi chetu wanaokaa Ruashi wamtembelee yule mjane, si kumchunguza, ila kuketi naye na kuonekana na avenie nzima wakimsalimia mtoto kwa jina lake.

Hilo la nne halihitaji mchango wa feza. Tunaanza Jumamosi.