Siku ya Tano



Nilipokuwa bado nasomea ualimu, tulimwaga zege la sakafu ya chumba cha mikutano cha shirika letu hapa Kamatanda. Ulikuwa mwezi wa Julai. Tulianza saa tano, jua likiwa kali na upepo mkavu wa kiangazi ukivuma. Mchanganyiko ulipolemea makoleo, mimi ndimi niliyeagiza uongezwe maji. Jioni tuliimba, tukala bukari, tukaenda kulala. Kulipokucha, sakafu ilikuwa imejaa nyufa.

Nilimweleza fundi mmoja mzee kwamba zege letu lilikuwa limekauka vibaya. Akanijibu: "Mwanangu, zege halikomai kwa kukauka. Hukomaa kwa kunywa."

Alinifundisha kwamba saruji huungana na maji ndipo ikawa jiwe. Jua na upepo vikiyanyang'anya maji ya juu upesi, uso wa zege hujikunja na kupasuka ungali mchanga. Na maji ya ziada niliyoyaagiza yalifanya kazi iwe rahisi, lakini yalilidhoofisha zege lenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa zege huzibwa kabla haujaonekana.

Tulivunja, tukaanza upya. Safari hii tulilowesha ardhi kwanza, tukamwaga alfajiri, tukapima maji: yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Tuliigawa sakafu katika vipande vya mita 2 hadi 3, ili zege lipate mahali pa kujinyoosha na kujikunja. Uso uliposhika tulitandika magunia yaliyoloweshwa, yamwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Hata baada ya hapo zege huendelea kuimarika. Mafundi huupima uimara wake siku ya 28.

Siku ya kumwaga tulikuja wengi, kwa nyimbo na kelele. Siku ya tano walikuja wasichana wawili tu, bidoni kichwani. Mimi mwenyewe nilibaki nyumbani, nikidhani kazi imekwisha.

Sakafu ile haikupasuka. Kila nikiikanyaga nawakumbuka wale wawili, nami naona haya.

Basi, mnapogawana kazi katika vikundi vyenu, msiulize tu nani atashika koleo. Ulizeni pia nani ataleta maji siku ya tano.