Pasi Ndogo na Uaminifu wa Mshono

Napenda kuzungumza nanyi, wazazi wenzangu pamoja na vijana wetu, juu ya chombo kidogo ambacho pengine mtashangaa kukiona kikitajwa katika kurasa hizi, nacho ni pasi ndogo ya washonaji. Sikusudii pasi ya kunyooshea kanzu za Ijumaa. Nakusudia ile ambayo uso wake ni mwembamba kama vidole viwili, mpini wake ni mrefu, na kazi yake ni kukandamiza pindo la kofia, mshono wa viraka na vitambaa vya kupachika. Jamaa zetu walioko nje huzileta kama zawadi, na wanawake wanaoshona huniuliza kama inafaa mtu kuitolea fedha. Jawabu langu ni kuwa yafaa, walakini yategemea aitumie wakati gani wa kazi, mwanzo au mwisho. Jambo hili laonekana dogo, nami nasema kuwa ndani yake mna halali na haramu.

Sisi watu wa Unguja twaijua sindano. Kofia zetu za mkono, na jamaa zake kofia za Lamu na kumma za Oman, hufanywa kwa kitambaa kilichopandanishwa, kikachorwa, kikatobolewa vitundu, na kila kitundu kikazungushiwa uzi mpaka kikatulia. Kofia moja yaweza kumkalisha mwanamke wiki nyingi, akishona baina ya sala na sala, baina ya chungu na mtoto. Kisha duara ya juu hukutanishwa na ukanda wa pembeni, na hapo ndipo pindo linapoamua kama kofia itakaa sawa kichwani au itapinda. Mama zetu walilivunja pindo hilo kwa ukucha wa kidole gumba, likalala. Pasi kubwa haikufaa hapo, kwani mviringo ni mwembamba, na yenyewe hukanyaga hata mahali pasipotakiwa. Pasi ndogo huingia panapoingia ukucha, tena ikiwa na moto.

Faida yake huonekana zaidi katika mifarishi ya viraka. Jioni, chuo kikishatoka, wanafunzi wangu wakubwa wa kike hubaki ukumbini tukashona mifarishi kwa mabaki ya vitambaa ambayo mafundi cherehani wangeyatupa. Hesabu ya kazi hii haina huruma. Chukua viraka 10 vilivyopangwa safu moja. Baina yao ipo mishono 9. Ikiwa kila mshono haukukandamizwa ukalala vyema, na milimita 2 tu zikajificha ndani ya mkunjo, basi safu hiyo itapungua milimita 18, na safu iliyo chini yake, iliyoshonwa na mkono mwingine, haitakutana nayo. Msichana hulia, akadhani kuwa amekata vibaya, na kumbe amekata vizuri. Mwenyezi Mungu alipomlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma ili afanye mavazi ya vita, alimwamrisha vile vile, kama tusomavyo katika Sura ya Saba', apime sawasawa katika kuziunganisha pete zake. Wanafunzi wangu wameihifadhi sura hiyo zamani, lakini naona waliielewa zaidi siku walipovunjikiwa na safu ya viraka.

Namna ya kukandamiza nayo ina adabu yake. Pasi hushushwa, ikangoja kidogo, ikainuliwa; haiburuzwi. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari hunyumbuka, na anayeburura pasi juu yake hukivuta mpaka mraba ukawa na pembe zisizolingana. Pamba safi hustahamili moto wa takriban digrii 200, na poliesta haifai kupita 150 hivi. Kwa hivyo hujaribiwa kwanza pembeni mwa kitambaa kibovu. Na mwenye kujaza usufi wa miti yetu ajihadhari sana, kwani usufi huwaka upesi kabisa.

Sasa nije kwenye lile nililosema kuwa lina halali na haramu. Pasi yaweza kusema kweli, na yaweza kusema uwongo. Ikitumiwa katika kila mshono, kazi hunyooka tangu ndani. Ikiachwa mpaka mwisho, ikapitishwa juu ya kazi iliyopinda, pamoja na wanga mwingi, basi hulaza kila kitu kwa siku chache: mnunuzi huona foronya iliyonyooka kama karatasi, akalipa. Niliwahi kununua foronya ya namna hiyo katika duka moja la mjini, ambalo silitaji. Ilipofuliwa mara ya kwanza maua yake yalinyanyuka, kingo zikachomoza nyuzi, na mishono ikajikunja. Aliyeishona alijua. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta umajimaji chini yake, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, akatahadharisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Mimi sioni tofauti baina ya nafaka ya chini iliyolowa na mshono wa ndani uliopinda.

Wala hasara yake haimfiki mmoja peke yake. Mji Mkongwe wapita wageni wengi, na kazi za sindano ni miongoni mwa vitu wanavyovichukua. Duka la Sasik la mtaa wa Gizenga lilipata jina kwa mito na vitambaa vya kupachikwa vilivyofuata nakshi za milango yetu, kazi ya mikono ya wanawake wa hapa. Jina kama hilo hujengwa kwa miaka. Mgeni akifika kwao na mto uliofumuka, hasemi kuwa Bi Fulani kashona vibaya. Husema kuwa hivi ndivyo vitu vya Zanzibar, na mjane wa Ng'ambo ambaye hakughushi kitu hukosa mnunuzi.

Katika mambo ya umeme nina maneno machache. Pasi ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni wa 230. Ukiichomeka bila ya kusoma kibandiko chake, itaungua, na labda ikaunguza na soketi; basi mwambie jamaa yako akutafutie ya volti 230. Matumizi yake ni madogo, nyingi hazifiki wati 100, ilhali pasi ya nguo hupita wati 1,000. Adhana ikilia, waya uchomolewe kwanza ndipo watu wakatawadhe. Watoto wadogo wasiwe karibu, kwani kwa umbo lake huidhania ni kitu cha kuchezea.

Na pasi ya mkaa msiitupe. Umeme wetu kutoka Bara hupita chini ya bahari tangu mwaka 1980, na wenye umri wanakumbuka kiza cha mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kile cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009. Maulidi ya mwaka 1431, yaliyoangukia Februari 2010, yalitukuta humo, na kanzu na kofia zilinyooshwa kwa makaa ya vifuu. Mwaka 2013 uliwekwa waya mwingine wenye nguvu zaidi, alhamdulillahi, lakini mimi yangu bado iko juu ya kabati.

Tena wapo watu wa asili ya Afrika katika jimbo la Karnataka, India, waitwao Wasidi, ambao wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu. Huanzia ukingoni wakazunguka mpaka wakafika katikati, na kwa desturi kila kiraka hukunjwa kwa kidole. Mifarishi hiyo hufunika watoto wao na hutafutwa na wageni wa mbali. Kwa hivyo anayeuliza anunue au asinunue, namwambia ashone kwanza mifarishi miwili kwa ukucha. Akiona mkono wake umetulia na kazi yake inanunuliwa, na anunue kwa fedha ya kazi hiyo hiyo, wala asikope. Si lazima kila nyumba iwe na yake. Sisi tunayo moja kwa wasichana saba, nayo inatutosha, kwani haijapata kutokea hata jioni moja ambayo wote saba wamefika kwenye pindo kwa pamoja.