Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ndugu msomaji, ikiwa unasoma London na rafiki yako yuko Edinburgh, usimwache peke yake majira yote ya baridi. Nunua tikiti mapema, kwani ya siku hiyo hiyo huwa ghali mno. Jumamosi asubuhi na mapema panda treni King's Cross. Ni mwendo wa saa nne na nusu hivi. Keti upande wa kulia, uione bahari baada ya Newcastle. Saa saba mchana usishtuke: mzinga wa ngome hulia, desturi ya tangu 1861. Pandeni kilima cha Arthur's Seat, mita 251. Jioni songeni ugali, mzungumze ya nyumbani hadi usiku wa manane. Jumapili mzinga haulii. Mwenzako atakusindikiza stesheni akiwa mtu mwingine.