Sitara ya Mama

Nyumba yetu ya London ina choo kimoja, nacho kiko ghorofani. Magoti ya mama hayawezi tena ngazi. Chini ipo nafasi, ila iko mbali na bomba kuu la majitaka lenye upana wa milimita 110. Fundi akashauri choo chenye mota: visu vyake husaga kinyesi na karatasi, kisha pampu huvisukuma katika bomba jembamba. Kina kelele, umeme ukikatika hakifanyi kazi, na kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka kiwepo pia choo cha kawaida.

Mimi nilikwazwa zaidi na neno. Kusaga ni kwa nafaka, nitamwambiaje mama? Lakini Kiswahili hakioni haya kwa ujirani kama huo. Msala ni mkeka wa kusalia, na msalani ni chooni. Kote huko mja hutafuta utohara na sitara. Mama anayengoja mkono wa mwanawe ndipo aende haja amepungukiwa sitara. Kelele tutaivumilia. Tumekubaliana kiwekwe, mwenye jina zuri la kukiita, na atupe.