Kwa Kadzo, kuhusu kamba wa beseni

Jericho, Nairobi

Mwanangu Kadzo,

Nyanyako goti limepata nafuu, na Kazungu ameajiriwa Industrial Area. Ni huyo Kazungu aliyeniambia kwamba kamba wa kuwapikia wakwe zako Jumapili utawanunua kwa yule kijana wa beseni stejini Umoja, eti bei yake nafuu. Usingizi umenipaa.

Kamba si omena. Akishatoka majini huharibika upesi, tena huanzia kichwani, maana ndimo tumbo lake lilimo. Wetu wengi hutoka ghuba za Malindi na Ungwana, huko mito ya Tana na Sabaki inakomwaga maji, na safari ya hadi Nairobi ni ndefu. Barafu ikiisha njiani, basi. Na kijana yule nimemwona: waliobaki jioni huwarudisha kwenye friza, kesho akawayeyusha tena.

Babako hajawahi kukusimulia ya Makongeni, kwa sababu hapendi kuyasikia. Tulikuwa kwenye nyumba za reli. Shemeji yetu mmoja aliletewa mfuko wa kamba kutoka Mombasa kwa treni ya usiku, ile ya kabla ya SGR. Treni ikakwama njiani, ikafika alasiri, na mfuko unachuruzika maji ya uvuguvugu. Nilifungua, nikanusa, nikasema watupwe. Akanijibu kuwa wanawake wa Malindi tunajifanya wajuzi. Akawaosha kwa ndimu, akawatia pilipili na tangawizi hadi harufu ikapotea, wageni wakala wakasifu. Usiku ule nyumba tatu hazikulala kwa kutapika, na mtoto mmoja alikimbizwa hospitali amelegea mgongoni kwa mamake. Ndimu huondoa harufu, Kadzo, haiondoi sumu, na sumu nyingine haiondoki hata kwa moto. Halafu lawama ikawa ya nani? Ya tui langu lililotiwa mchuzini, kwamba lilichacha. Tui nililolikuna na kulikamua mimi mwenyewe saa ile ile! Hadi leo wapo wanaoamini hivyo.

Nenda City Market, kwenye meza za samaki. Mshike kamba mkononi: ganda ling'ae, mwili ukaze, kichwa kisilegee. Akiwa na weusi kichwani au akinuka kama mkojo, ondoka. Waliogandishwa si wabaya ikiwa wameganda kabisa. Wayeyushie ndani ya friji usiku kucha, wala usiwagandishe tena.

Kupika ni kazi ndogo. Menya, pasua mgongo kwa ncha ya kisu, vuta ule uzi mweusi, suuza, kausha kwa kitambaa. Pasha siagi na kitunguu saumu kilichopondwa, watie kamba, dakika mbili upande huu, moja upande wa pili. Wakiwa wekundu na wamejikunja nusu duara, epua, nyunyiza chumvi na ndimu. Wakijikunja wakawa pete, umewakausha. Ukitaka wa nazi, mchuzi wa nyanya na tui uive kwanza mpaka uwe mzito, kamba waingie mwisho kabisa. Maganda na vichwa usitupe. Vichemshe, chuja, maji yake upikie wali. Pakua wakiwa moto. Tomato sosi isifike mezani.

Waulize wageni mapema: Wasabato hawali kamba, na kuna watu kamba huwavimbisha midomo hadi pumzi ikaziba. Usichukue mkopo wa Fuliza kwa sababu ya karamu. Pesa isipotosha, chinja kuku, na hakuna mkwe atakayenuna.

Jumamosi asubuhi pitia hapa twende sokoni pamoja, nauli juu yangu. Wale wa beseni usinunue hata mmoja.

Shangazi yako