Stara ya Mgeni, Stara ya Jirani



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama mnaotuandikia, kila likizo za shule zinapokaribia hutufikia swali lile lile. Familia ya Kiislamu inaposafiri, ilale wapi? Katika hoteli ya fahari ya jiji, katika nyumba ya kale iliyogeuzwa kuwa hoteli, au kwa jamaa? Sisi tumejaliwa kuyaonja makao ya aina zote tatu, na leo tunapenda kuyalinganisha kwa mizani isiyotumiwa na wale wanaozipa hoteli nyota. Wao hupima kitanda, maji ya moto na wepesi wa huduma. Sisi tutapima stara: ya mgeni, ya watu wa nyumba, na ya jirani.

Tuanze na jiji, na tuanze kwa uadilifu. Hoteli kubwa ina mema ambayo si haki kuyaficha. Mgeni hupokewa kwa jina lake, huonyeshwa chumba safi, hupewa kadi ya kufungulia mlango, na tangu hapo hakuna aingiaye bila kubisha. Bei hujulikana mapema na lalamiko husikilizwa. Mjane aliyekwenda Nairobi kwa matibabu, asiye na jamaa huko, hupata mlango unaofungika na mlinzi aliye macho usiku kucha, wala haulizwi ataondoka lini. Hilo si jambo dogo.

Lakini hoteli hizo hazikuanza kwa ajili yetu. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1904, mji wenyewe ukiwa bado mchanga, na waliokusudiwa ni walowezi na wawindaji wa Kizungu. Katika enzi ile ya ukoloni Mwafrika aliingia katika kumbi za namna hiyo akiwa amebeba sinia, si akiwa ameketi mezani. Ubaguzi ule umekwisha, alhamdulillahi, na leo mlango ni wa kila mwenye kulipa. Hata hivyo chumba kingali kimepangwa kwa desturi ya mtu mwingine.

Katika hoteli moja ya jiji tuliyolala pamoja na aila yetu, maliwato yalikuwa ya marumaru, lakini hayakuwa na maji ya kujitawadhia. Palikuwa na karatasi tu. Friji ndogo ilikuwa imejaa pombe. Mwelekeo wa kibla tuliutafuta kwa simu. Asubuhi, penye meza ya vyakula, tuliona koleo moja likichukulia soseji za nguruwe kisha mayai. Tuliposema haja zetu, kijana wa huduma aliiondoa pombe kwa adabu na kutuletea kopo, na mpishi akatukaangia mayai katika kikaango kingine. Watu wale hawakukosa ukarimu, walikosa kuambiwa. Basi hoteli ya jiji humpa mgeni stara kwa malipo, na sehemu ya stara hiyo yampasa aiombe mwenyewe.

Sasa tugeukie kwetu. Pwani hii ilikuwa na utaratibu wa wageni karne nyingi kabla neno hoteli halijafika. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 akielekea Mombasa na Kilwa, alieleza jinsi vijana wa mji walivyoiendea meli kwa mashua, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, na biashara yake ikapitia mikononi mwake. Ibn Battuta, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli na michuzi, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Ni bibi gani wa Lamu asiyekijua chakula hicho?

Mgeni wa zama hizo hakuja kwa usiku mbili. Aliletwa na upepo wa kaskazi, na ilimbidi aungoje upepo wa kusi ndipo arejee kwao. Huenda akakaa miezi. Je, mtu asiye maharimu ataishije miezi katika nyumba yenye mabinti, pasi na yeye kubanwa wala wao kufungiwa? Jibu la wazee wetu limeandikwa katika mawe ya nyumba za Mkomani.

Afikaye hukaribishwa kwanza na daka, ukumbi wa nje wenye mabaraza ya mawe, ambapo shughuli za watu wengi huishia hapo hapo. Baada ya mlango kuna tekani, na njia hukata kona, ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha ni kiwanda, ua usioezekwa, unaoingiza jua na hewa katikati ya nyumba. Mgeni wa kulala ana sabule, chumba chake maalumu, aghalabu chenye njia yake na choo chake. Wenyewe wako upande wa pili: misana, kisha ndani, kila chumba kikiwa na faragha zaidi ya kilichotangulia. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti la mkoko. Chooni mna birika la maji ya kujitawadhia, na wazee walitia humo visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Juu ya kichochoro hupita wikio, chumba kilichounganisha nyumba na nyumba, na wanawake wakatembeleana pasi na kushuka njiani.

Tazama hekima hiyo. Hoteli ya jiji humlinda mgeni peke yake, maana ndiye anayelipa. Nyumba ya Lamu iliwalinda watatu kwa pamoja. Mgeni alikuwa na mlango wake, wanawake wa nyumba walikuwa na ua wao, na jirani hakuonwa na yeyote, kwa kuwa kuta zilikwenda juu bila dirisha la kumchungulia.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na nyumba zetu zikazidi kutafutwa. Wengine wamezinunua, wengine wamezikodi, na watoto wetu wengi wamepata riziki ya halali humo: wapishi, manahodha, mafundi wa kuchonga, wabeba mizigo wenye punda. Hatuipingi riziki hiyo. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Manda, au anayefika kwa basi hadi Mokowe, akavuka maji na kukuta kijana wa Kiamu akimngoja gatini kwa bashasha, amepata kitu ambacho lifti na zulia la jiji haviwezi kumpa.

Ila kuna jambo linatuuma, nasi tutalisema. Baadhi ya nyumba zilizogeuzwa kuwa za wageni zimeongezewa ghorofa, juu yake paa la makuti lililo wazi pande zote, ili mgeni anywe kahawa akitazama bahari. Bahari anaiona kweli. Lakini akiinamisha macho anaona pia kiwanda cha jirani, ambapo binti anachana nywele na mama anaanika nguo akidhani yuko nyumbani kwake. Mgeni hana kosa, maana hakuna aliyemwambia. Aliyekosa ni aliyejenga bila kumwuliza jirani.

Tunaijua aila moja, na mtaa wake hatuutaji, iliyolazimika kukifunika kiwanda chake kwa mabati. Stara imerudi, lakini jua na hewa vimekwenda. Bibi wa nyumba ile ametuambia kwamba sasa hupika mchana huku taa zimewashwa, na mwanawe anamshauri wauze, wahamie bara. Basi mandhari yale mazuri yana bei ambayo haimo katika hesabu ya mgeni. Anayeilipa ni mwanamke ambaye hakuulizwa. Na siku atakapohama yeye na wenzake, mgeni atakuja kutazama mji gani?

Tunasihi mambo matatu.

Kwanza, kwenu mnaosafiri. Kabla ya kulipa, piga simu uulize: chooni mna maji ya kujitawadhia? Pombe yaweza kuondolewa chumbani kabla hatujafika? Nyama ni ya halali, na hupikwa kwa vyombo vipi? Dirisha lina pazia zito? Uliza pasi na haya, kwani hoteli nyingi ziko tayari kukusaidia zikijua haja yako.

Pili, kwenu wenye nyumba za wageni Lamu na Shela. Ukuta wa ukingo upandishwe upite kimo cha mtu kila upande unaoelekea kwa jirani, na bahari iachwe upande wake. Kabla ya kuongeza ghorofa, nenda ubishe hodi kwa jirani. Mgeni naye aelezwe kwa upole siku ya kwanza. Aghalabu hufurahi kujua.

Tatu, kwetu sote majumbani. Tusione haya kumkaribisha jamaa kwa kuwa hatuna kitanda kama cha hoteli. Katika Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, mji hujaa wageni kutoka pande zote za pwani, na wengi hulala juu ya mikeka wakaondoka wameridhika. Lakini mzigo usiwe wa mwanamke peke yake. Nabii Ibrahim, alipofikiwa na wageni, aliondoka mwenyewe kimya kimya kuwatafutia chakula. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi, na ametufundisha kwamba haki ya ugeni ni siku tatu, na si halali kwa mgeni kukaa hata amtie mwenyeji wake dhiki. Basi mume achote maji na kwenda sokoni, na mgeni ajue siku yake ya kuaga.

Ukilala popote, iwe ghorofa ya 10 jijini au sabule ya Mkomani, jiulize usiku huo: nani anapoteza faragha yake ili mimi nistarehe? Ukiona hakuna, lala salama, umepata makao mema.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake, awarejeshe salama wasafiri wetu, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin. Wabillahi tawfiq.