Arobaini na Sufuria Moja

Januari natimiza miaka 40. Tangu chuo nilijiapiza siku hiyo itanikuta Istanbul, peke yangu, kwenye feri inayotoka Ulaya kwenda Asia kwa dakika kama 20 tu. Sasa nina binti wa miaka mitatu, saa saba mchana lazima alale, tena kwangu mimi tu.

Juzi nikampigia shangazi yangu Muscat, aliyeondoka Unguja 1964.

"Mtoto utaniletea lini, mwanangu? Macho haya yanafifia."

Akiba inatosha safari moja. Istanbul nimeifuta, na sikufichi, nililia chooni. Binti yeye keshafunga mzigo wake: kandambili ya mguu mmoja na sufuria, eti amkaangie bibi yai.